KITAFUNWA HAKIPONYI UFIZI

Yampasayo askari kuyajua kabla ya kumnunulia mbwa wake mdogo kitu cha kusafishia meno

Jioni moja, katika nyumba za askari polisi hapa Kampala, sajini mmoja alimwita mwandishi wa makala haya aende kumtazama mbwa wake. Mbwa huyo, mwenye manyoya meupe na miguu mifupi, uzito wake kilo 5, hakuwa mbwa wa kazi. Aliachwa na jirani aliyehamishiwa wilaya nyingine, akapokewa na watoto wa sajini, nao wakampa jina la Kadogo. Kwa muda wa miaka sita alilala mlangoni mwao, na hakuna mgeni wa usiku aliyeukaribia mlango ule asitangazwe. Lakini siku hizo watoto walikuwa wameacha kumbeba. "Ananuka kinywa," alisema binti mdogo wa nyumba ile, akageuza uso.

Sajini alikuwa ameshika pakiti ya rangi nzuri, iliyochorwa mbwa mwenye furaha, ambayo aliinunua katika duka moja mjini. "Nimeambiwa kwamba vijiti hivi husafisha meno," alisema. "Nimempa viwili. Cha kwanza alikitema kikiwa na damu. Cha pili alikimeza kizima. Sasa niambie, ndugu yangu, nimenunua kitu kibaya, au mbwa ndiye mbovu?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wenzake walikwisha kumshauri: mbwa asiyekula hana kazi, amwondoe atafute mwingine.

Swali hilo si la sajini mmoja peke yake. Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, hufuga mbwa wadogo makwao, na vitafunwa vya mbwa vinavyosemekana kusafisha meno vinauzwa katika maduka ya mijini. Vipo vyenye umbo la kijiti, vyenye umbo la mfupa, na vyenye umbo la mswaki, na vyote vina sifa njema juu ya pakiti. Jibu alilopewa sajini lilikuwa fupi. Mbwa si mbovu, na huenda kitafunwa nacho si kibaya. Kosa ni kwamba amri ya mwisho imetangulia ya kwanza. Ufizi ulio mgonjwa hapana budi utibiwe kwanza, ndipo utafutiwe mlinzi. Kitafunwa ni mlinzi, si tabibu.

UGONJWA HUANZAJE

Mbwa mzima ana meno 42, yaani 10 zaidi ya binadamu. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, juu yake huanza kujijenga utando laini wa vijidudu uitwao ukoga. Utando huo ukifutwa kila siku hauna nguvu. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huukaza, na katika muda wa siku mbili au tatu huanza kugeuka ganda gumu la rangi ya manjano au ya kahawia, ndilo liitwalo ugaga. Ukifika hapo, mswaki hauwezi tena kuuondoa.

Watu wengi waonapo ganda hilo hudhani kwamba ndilo adui. Kumbe ganda ni boma tu. Adui mwenyewe ni vijidudu vilivyojificha ndani yake na chini ya ufizi. Mwili wa mbwa huvipelekea majeshi yake, na vita hiyo ndiyo hufanya ufizi uwe mwekundu, uvimbe, utoe damu. Hatua hii ya kwanza yaweza kurudishwa nyuma: meno yakisafishwa barabara na kutunzwa, ufizi hupona. Lakini vita ikiendelea, nyuzi zinazolishika jino pamoja na mfupa wa taya huanza kuliwa. Ufizi huachana na jino, pakabaki mfuko mwembamba ambamo vijidudu huzaana pasipo kusumbuliwa na mtu. Matabibu huugawa ugonjwa huu katika hatua nne. Katika ya kwanza pana uvimbe wa ufizi tu. Katika ya pili jino limepoteza chini ya robo ya ushikizo wake. Katika ya tatu, kati ya robo na nusu. Na katika ya nne, zaidi ya nusu. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kitafunwa kinapopita kinywani hufuta sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Mfuko ulio chini hakiufikii kamwe. Kumpa kitafunwa mbwa aliyekwisha kufika hatua ya tatu ni sawa na kupiga doria barabarani ilhali wezi wamechimba handaki chini ya nyumba. Tena jino lililolegea likilazimishwa kuuma kitu, huuma lenyewe. Ndiyo sababu Kadogo alikitema kijiti cha kwanza kikiwa na damu, na cha pili akaona afadhali akimeze bila kukitafuna.

KWA NINI MBWA MDOGO HUTESEKA ZAIDI

Ugonjwa wa ufizi huwapata mbwa wa kila namna, lakini wale wadogo huwahi kupatwa na huumia zaidi. Meno yao ni makubwa kwa kulinganisha na taya zao, hivyo husongamana kama abiria ndani ya taksi ya jioni, na kila penye msongamano chakula na ukoga hupata maficho. Wengine hubaki na baadhi ya yale meno 28 ya utotoni, ambayo yalipaswa kung'oka. Jino la zamani na jipya husimama pamoja mahali pa moja, na uchafu ukakaa katikati.

Lipo pia jambo la hatari. Taya la chini la mbwa mdogo ni jembamba, na mizizi ya gego lake kubwa hufika karibu na ukingo wa chini wa mfupa. Ugonjwa ukiula mfupa huo, taya laweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu kutoka kitini, au hata kwa kuuma kitu kigumu. Juu nako, mzizi wa chonge hutenganishwa na pua kwa ukuta mwembamba wa mfupa. Ukuta huo ukitoboka, chakula na maji hupenya puani, na mbwa hupiga chafya siku nyingi, makamasi yakimtoka upande mmoja. Mwenye mbwa hudhani ni mafua ya mvua, kumbe asili yake ni jino.

MFICHA MARADHI

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mbwa ni hodari wa kuficha. Aweza kuwa na meno sita yanayouma, na bado akaja mbio asikiapo sahani. Kwa hiyo usingoje alie. Tazama kama kinywa kinanuka, kama ufizi una mstari mwekundu mahali unapokutana na jino, kama anatafuna upande mmoja, kama anaangusha posho aliyokwisha kuitia kinywani, kama anajikuna uso kwa mguu, kama pana uvimbe chini ya jicho. Dalili hiyo ya mwisho aghalabu ni jipu la mzizi wa gego kubwa la juu.

Hapa pana onyo ambalo askari hafai kulisahau. Mbwa anayetokwa na mate mengi ghafla, asiyeweza kumeza au kufunga kinywa, ambaye tabia yake imebadilika, huenda hana ugonjwa wa meno bali ana kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani mwake. Mtenge, wazuie watoto, mwite afisa wa mifugo. Mtu akiumwa, au mate hayo yakimwingia jerahani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa. Na mbwa yeyote ambaye kinywa chake kitakuwa kikishikwa kila siku hana budi awe amechanjwa.

MBELE YA TABIBU

Kadogo alikuwa amechanjwa, na kadi yake ilikuwapo. Sajini akampeleka kwa tabibu wa wanyama. Daktari aliinua mdomo wa juu kwa kidole kimoja, akatazama kwa muda mfupi, akasema kwamba mbwa huyu alazwe kwa dawa ya nusukaputi ili meno yasafishwe mpaka chini ya ufizi.

"Kwa nini umlaze, Daktari?" aliuliza sajini. "Mimi nitamshika kwa nguvu, wewe ukwangue."

"Afande," alijibu daktari, "nikikwangua juu, jino litang'aa nawe utafurahi. Lakini uchafu unaoula mfupa uko chini ya ufizi, na hakuna mbwa aliye macho atakayeniacha nipitishe chombo huko. Nitakuwa nimepaka chokaa ukuta uliooza."

Maneno hayo yana uzito, kwa maana wapo watu ambao humkwangua mbwa meno nyumbani kwa kisu au kwa kipande cha chuma. Kazi hiyo huacha jino na mikwaruzo ambayo ukoga mpya hushikamana nayo upesi, huukata ufizi, na haifiki mahali penye ugonjwa. Dawa za kuua vijidudu nazo, zikitolewa peke yake, hupunguza makali kwa muda tu. Ganda likibaki, ugonjwa hurudi.

Sajini aliuliza gharama, kisha akanyamaza. Kwa mshahara wa askari haikuwa fedha ndogo. Aliuliza pia kama mbwa aweza kufa katika usingizi ule. Daktari hakumficha: hatari ipo, kama ilivyo kwa mtu, na ndiyo maana moyo na damu hupimwa kwanza. Lakini hatari ya kumwacha ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilikuwa ya hakika. Mwishowe walikubaliana alipe kwa mafungu mawili. Picha za eksirei zilipopigwa zilionyesha kwamba meno manne hayakuwa na mfupa wa kuyashika. Yaling'olewa. Mengine yalisafishwa, yakang'arishwa, na Kadogo akarudi nyumbani jioni akiyumbayumba kama mlevi.

Amri za daktari zilikuwa tatu. Kwanza, chakula laini, yaani posho iliyolainishwa kwa mchuzi wa mukene usio na chumvi. Pili, dawa ya maumivu kwa siku zilizoandikwa, na kamwe asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu. Tatu, asipewe kitafunwa chochote mpaka majeraha yafunge na daktari mwenyewe atoe ruhusa, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kama wiki mbili. Ile pakiti ya rangi nzuri ikawekwa juu ya kabati.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA

Ruhusa ilipotoka ndipo suala la kitafunwa liliporudi, na safari hii kwa utaratibu. Askari akaguapo silaha huwa na mpango, hakagui kwa kubahatisha. Basi kitafunwa nacho kikaguliwe kwa maswali matano.

La kwanza: je, kinapinda? Kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, na kijiti kikakubali kupinda kidogo, chafaa. Ikiwa ni kigumu kama kipande cha ubao, kirudishe. Sababu ni mbili. Kitu kigumu kuliko jino hulivunja jino, hasa lile gego kubwa la juu ambalo mbwa hulitumia kama mkasi. Tena kitafunwa husafisha pale tu jino linapozama ndani yake mpaka karibu na ufizi, kikafuta pande zake. Kile kinachovunjika vipande mara tu kikiguswa na ncha ya jino hakifuti kitu.

La pili: je, ukubwa wake wamfaa mbwa huyu? Pakiti iliyotengenezwa kwa uangalifu huandikwa uzito wa mbwa aliyekusudiwa. Mpime mbwa wako: panda juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe hesabu. Kidogo mno humezwa kizima. Kikubwa mno hakitafuniki, tena hujaza tumbo. Historia ya vitu hivi yatufundisha. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, Joe na Judy Roetheli, mume na mke, walichoshwa na harufu ya kinywa cha mbwa wao aliyeitwa Ivan, wakabuni kitafunwa cha kijani chenye umbo la mswaki, wakakiita Greenies. Kilipendwa mno. Lakini mwaka 2006 televisheni ya CNN ilitangaza habari za mbwa waliokwamwa na vipande vyake kooni au matumboni, na mwaka huohuo kikabadilishwa muundo wake ili kivunjike na kusagika kwa urahisi zaidi. Hata kitu kizuri, basi, humdhuru mbwa anayemeza bila kutafuna.

La tatu: je, upo ushahidi? Maneno ya "husafisha meno" yaweza kuandikwa na mtu yeyote. Tangu mwaka 1997 lipo huko Marekani baraza la matabibu wa meno ya wanyama ambalo jina lake kwa herufi za kifupi ni VOHC. Baraza hili haliuzi kitu. Hupokea matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa wanyama, yasiyopungua mawili, nalo likiridhika hukiruhusu kitu hicho kubeba alama yake, na kueleza kama kinapunguza ukoga, au ugaga, au vyote viwili. Tafuta herufi hizo nne juu ya pakiti. Zisipokuwapo, haina maana kwamba kitu ni kibaya. Maana yake ni kwamba unamwamini muuzaji kwa neno lake. Na hata zikiwapo, kumbuka zinavyosema: kupunguza. Hazisemi kuponya.

La nne: je, kina nini ndani yake? Baadhi ya vitafunwa hutiwa chumvi za fosfati, ambazo hukamata madini ya mate ili ukoga usikazike kuwa ugaga. Vingine hutiwa dawa ya klorohekisidini, ambayo huua vijidudu. Hivyo ni viungo vyenye kazi. Lakini kikiwa na zailitoli, ile sukari bandia inayotiwa katika baadhi ya ubani wa kutafuna na dawa za meno za watu, kikimbie. Kwa mbwa hiyo ni sumu: hushusha sukari ya damu kwa ghafla na yaweza kuharibu ini, na mbwa mdogo hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Tazama pia kalori. Mbwa mzima wa kilo 5 huhitaji kalori kati ya 300 na 400 hivi kwa siku, na vitafunwa vyote visizidi sehemu moja katika kumi ya hizo. Kijiti chenye kalori 30, basi, ndicho kitafunwa chake cha siku nzima, na chakula kipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Mnene mwenye meno safi bado ni mgonjwa.

La tano: je, mbwa huyu hutafuna? Swali hili halijibiwi na pakiti. Mshikie kijiti mwisho wake mmoja umwangalie. Anayetafuna taratibu, kwa upande huu na ule, atafaidika. Anayekivuta na kukimeza, au asiye tena na meno ya nyuma, kitafunwa hakimfai, hata kikiwa na alama zote za dunia. Usimwache peke yake nacho. Akianza kutapika mara kwa mara, akakataa chakula, au tumbo likamwuma likiguswa, huenda kipande kimekwama. Huo ni wito wa dharura, na haungoji asubuhi.

VITU VYA JIKONI NA VYA BUCHA

Wengi watasema: haya yote ya nini, ilhali bucha iko karibu na mifupa ni ya bure? Jibu ni kwamba mifupa ya bure yaweza kuwa ghali. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, vikatoboa koo au utumbo. Mfupa mgumu wa kongoro, ile ambayo huku kwetu wengi huiita mulokoni, huvunja magego. Kwato na pembe kavu ni hivyohivyo. Nyama mbichi za matumboni na mapafu, zitupwazo machinjoni, zaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ambayo hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake yakamdhuru mtu.

Gunzi la mahindi nalo ni adui mkubwa. Mtoto humaliza kula hindi la kuchoma, akamtupia mbwa gunzi, mbwa akalivunja na kulimeza. Gunzi haliyeyuki tumboni. Huziba utumbo kama kizibo cha chupa, na mara nyingi haliondolewi ila kwa upasuaji. Kipande cha muwa kina sukari nyingi, na nyuzi zake hukwama katika meno. Karoti mbichi, kwa upande wake, haina madhara makubwa na haimnenepeshi mbwa. Lakini yafaa ihesabiwe kuwa tunu, isihesabiwe kuwa dawa ya ufizi.

SILAHA ISIYO NA BEI

Yote yaliyosemwa juu ya vitafunwa hayaushindi mswaki. Kitafunwa hufuta zaidi meno ya nyuma, yale yanayotafuna. Meno ya mbele na chonge hunufaika kidogo tu. Mswaki hufika kote, nao ukitumiwa kila siku ndio ulinzi ulio bora kuliko wote ambao mwenye mbwa aweza kuutoa nyumbani. Hauhitaji duka la fahari. Mswaki laini wa mtoto mchanga watosha, au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni na kuloweshwa maji ya vuguvugu. Dawa ya meno ya binadamu isitumiwe, kwa kuwa mbwa hajui kutema; wala chumvi, wala magadi. Ipo dawa ya meno iliyotengenezwa kwa mbwa, lakini kazi kubwa hufanywa na kule kusugua kwenyewe.

Anza polepole. Siku za kwanza gusa mdomo tu, umpongeze. Kisha inua mdomo, sugua chonge mbili. Kisha endelea nyuma. Elekeza nyuzi za mswaki mahali jino linapokutana na ufizi, ukianza na upande wa nje wa meno ya juu, ambako ugaga hupenda kujijenga. Dakika moja au mbili zatosha. Lakini kazi hii isianzishwe ufizi ukiwa bado unauma, maana mbwa aliyeumizwa siku ya kwanza hatausahau mswaki maisha yake yote.

Wenzetu wanaohudumu pamoja na mbwa wakubwa wa polisi na wa jeshi wanayajua mengi ya haya. Chonge za mbwa wa kazi ndizo pingu zake, na mzizi wa chonge moja ni mrefu kuliko sehemu ionekanayo. Mbwa mwenye mazoea ya kuuma vyuma vya banda hulika nyuma ya chonge, jino likadhoofika hata likavunjika siku ya kazi. Mkaguzi mzuri humfungua kinywa mbwa wake kama anavyokagua mtutu wa bunduki. Tofauti ni kwamba mbwa wa kazi ana afisa wa kumkagua, na mbwa mdogo wa nyumbani ana wewe tu.

MWISHO WA MAMBO

Wiki sita baada ya siku ile, mwandishi wa makala haya alipita tena katika nyumba zile. Sajini alikuwa zamu ya usiku, amelala. Aliyefungua mlango ni binti yake, mswaki wa buluu mkononi. Kazi ya kumsugua mbwa ilikuwa yake, naye alieleza kwa fahari kwamba alianza kwa kidole, sasa anafika mpaka nyuma. Kitafunwa Kadogo hupewa kimoja kila siku baada ya chakula, cha ukubwa wake, kinachopinda, naye binti hukishika mwisho wake mpaka kibaki kipande kidogo kilichosagika. Ile pakiti ya kwanza ilitupwa, kwa kuwa walipoisoma waliona imeandikwa kwamba ni ya mbwa wa kilo 10 na zaidi.

Ndugu askari, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, uvuapo buti, mwite mbwa wako, inua mdomo wake wa juu kwa kidole kimoja, utazame. Ufizi ukiwa safi, anza mswaki, na kitafunwa kizuri kitakusaidia. Ukiwa mwekundu, au ukinuka, au jino likitikisika, pita dukani bila kusimama, uende moja kwa moja kwa tabibu. Mbwa aliyeulinda mlango wako miaka sita amekwisha kulipa gharama hiyo.

Tulipoagana, Kadogo alikuwa amepakatwa na yule binti, kichwa chake kimelala begani, karibu kabisa na uso wake.